Hapa, Huku, Humu: Darasa Langu Ndani ya Nyumba Isiyokuwepo

Bibi yangu alilima mpunga bonde la Cheju, na neno "pepe" nililipata kwake, miaka mingi kabla sijasikia habari za barua pepe. Alikuwa akikaa kivulini na ungo wake, akipeta. Punje nzito zikibaki, nyepesi zikiruka na upepo. "Hizo pepe," akituambia, "hazina kitu ndani. Waachieni kuku." Kwa hiyo mwaka 2020, rafiki yangu aliponishauri nihamishie darasa langu kwenye ulimwengu pepe, yaani mahali pa kwenye kompyuta ambapo watu huingia na kutembea pamoja, kilichonijia akilini ni kuku wakidonoa makapi uani kwa bibi.

Sikuwa na ujanja mwingine lakini. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwa wageni hapa Unguja, na mwezi wa Machi mwaka ule, kwa janga la korona, wageni waliondoka wote kwa siku chache. Wengine waliacha madaftari mezani kwangu, kalamu imo ndani, kama mtu aliyekwenda msalani na sasa hivi anarudi. Nilibaki na wanafunzi 11 waliokubali kuendelea kwa simu ya video: muuguzi wa Leipzig, mwalimu mstaafu wa Minnesota, wachumba wawili wa Kitaliano ambao baadaye waliachana katikati ya somo la kauli ya kutendana (sitanii), kijana mmoja wa Muscat ambaye nitamrudia, na wengineo.

Simu ya video ilinishinda. Mtandao haukuwa mbaya sana, na watu walikuwa na bidii. Ilinishinda kwa sababu ya neno "hapa".

Aliyezaliwa ndani ya Kiswahili hafundishwi PA, KU na MU. Mtoto wa miaka mitatu atakwambia baba yuko sokoni, paka yupo mlangoni, na mdudu yumo kikombeni, na hatakosea hata kimoja. Shuleni baadaye tunapewa jedwali: PA ni mahali dhahiri, pa kuonesha kwa kidole, KU ni mahali pa jumla, kusiko na mpaka, MU ni ndani. Tunakariri, tunafaulu mtihani, tunalisahau jedwali na kuendelea kusema sawasawa kama tulivyokuwa tukisema kabla ya kwenda shule. Mgeni hana bahati hiyo. Yeye anaanza na jedwali, na wengi wanaishia nalo. Nina wanafunzi wanaoweza kukuchorea upatanisho wa pa-ku-mu kwa rangi tatu, lakini wakipotewa na funguo wanasema "funguo ni ndani ya mfuko".

Darasani nilikuwa na dawa yangu: nawasimamisha watu. Kikombe nakiweka mezani, nakitia kabatini, nakipeleka nje. Nikimwambia mtu "njoo hapa" anakuja. "Nenda kule" anakwenda. Mwanasaikolojia wa Kimarekani James Asher aliiandikia nadharia nzima njia hiyo katika miaka ya 1960, kwamba mwili ukitii amri lugha inakaa, ingawa mama yeyote anayemwambia mwanawe "lete kiatu" anaifanya bila nadharia. Sasa kwenye simu ya video, "hapa" ni wapi? Nikisema hapa, mimi niko Unguja na mvua ya masika inapiga bati. Muuguzi akisema hapa, yeye yuko Leipzig jikoni kwake. Tulikuwa watu 12 wenye hapa 12, na hakuna aliyeweza kumwonesha mwenziwe chochote. Sentensi zilikuwa sahihi na hazikuwa na pa kukaa.

Ndipo nikamwita mpwa wangu. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 19, na Kiingereza chake chote cha mdomo amekipata kwa kupigizana kelele na watu asiowajua kwenye michezo ya kompyuta. Shule ilimpa herufi tu. Alitafuta jukwaa la bure, la wazi, linalofunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Hakuna miwani ya kuvaa, ile ya kukuzungushia picha machoni, wala programu ya kupakua. Unatuma kiungo kwa WhatsApp, mtu anabofya, tayari yumo. Kwa siku tisa alijenga nyumba ya Mji Mkongwe: baraza nje, mlango wa mbao, daka, yaani kiukumbi cha kuingilia, ukumbi wenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, ua katikati, jiko. Viti alivichukua vya bure mtandaoni, vya Kizungu, kwa hiyo siku ya ukaguzi nilikuta sofa la ngozi barazani. Nililiondoa. Choo hakuweka, na nilipomuuliza alicheka akasema hakuna atakayekihitaji.

Siku ya kwanza ilianza kwa kosa langu. Niliwaandikia: tukutane saa 2 usiku. Kwa Mswahili hapo hapana la kuuliza. Mwalimu mstaafu wa Minnesota akatega kengele, akaamka saa mbili ya usiku kwa saa za Kizungu, yaani saa nane yetu, akaingia nyumbani peke yake. Hakukuta mtu. Alizunguka nyumba ile saa nzima, kila chumba, akadhani ndilo somo. Tulipokutana naye baadaye alikuwa anaijua nyumba kuliko mimi.

Kosa la pili lilikuwa la wote. Watu walitokea tu. Mmoja alizuka katikati ya jiko, mwingine alipita ukutani, wachumba wa Kitaliano wakashuka kutoka juu kama popo. Wote walikuwa na miili ya maroboti madogo, maana ndiyo avata, mwili wa kuvaa humo, ya bure, na nikajikuta natamka kwa sauti ambayo marehemu mama angeitambua: "Nyinyi, mmeingiaje kwa watu?" Kesho yake mpwa wangu akahamishia mahali pa kuingilia nje, barazani, na tukaweka sharti. Hakuna kupita mlango bila hodi. Mlango haukuwa na kitasa. Kitasa kilikuwa ni mimi, nimesimama dakani nasubiri. Hodi! Karibu. Kwenye vitabu vya Kiswahili kwa wageni, hodi huwa ukurasa wa kwanza au wa pili, imewekwa pamoja na asante na samahani, na mwanafunzi anaipita bila kuigusa kwa sababu katika chumba cha darasa mlango huwa wazi na kila mtu ana kiti chake. Hapa aliyesahau hodi alibaki juani. Roboti la kijana wa Muscat lilibaki juani dakika sita kwa sababu ya aibu tu.

Lililonibadilisha fikira lilikuwa jambo la kiufundi ambalo sikuliomba: sauti ilikuwa na umbali. Kwenye simu ya video kila sauti inakujia sikioni kwa nguvu moja. Katika nyumba ile aliye karibu ulimsikia vizuri, aliye uani ulimsikia kwa mbali, aliye jikoni hukumsikia kabisa. Dakika kumi hazikupita watu wakaanza kuitana.

"Uko wapi?"

"Niko hapa!"

"Hapa wapi? Sikuoni."

"Humu, humu jikoni. Njooni huku, kuna kitu!"

Huyo wa mwisho alikuwa muuguzi, ambaye kwa miaka miwili aliniandikia mazoezi ya pa-ku-mu bila kosa na bila kuyasema hata mara moja. Hapakuwa na kitu jikoni. Alikuwa ameona kivuli cha roboti lake mwenyewe. Lakini ametoa mahali patatu katika pumzi moja, na hakuna aliyemwambia atoe.

Basi nikaacha mtaala nikaanzisha mficho. Mmoja anaficha, wengine wanatafuta kwa kuuliza tu. Kikombe kimo kidakani? Hakimo. Kipo mezani? Hakipo. Basi kiko wapi? Kiko huko huko. Wakizoea, unaongeza embe, na sasa kimo inageuka limo, unaongeza funguo, zimo, viatu, vimo. Mwalimu wa lugha anayesoma hapa ataona nilichokiona: ngeli mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, ya kitu na ya mahali, na mtu hana nafasi ya kufikiri kwa sababu mwenziwe anakaribia kushinda. Siku moja Mtaliano alikificha kikombe tukakitafuta robo saa. Alikuwa amekitia ndani ya roboti lake mwenyewe. "Kimo kichwani mwangu!" akapiga kelele. Kichwani *mwangu*. Nilimpa ushindi kwa ajili ya ile mw-.

Najua kuna atakayesema huu ni mchezo wa watoto na ungeweza kufanyika kwa meza na kikombe cha kweli. Ungeweza, kama wangekuwepo. Hawakuwepo.

Jingine nililoliona ni kwamba watu waliokuwa mabubu kwenye kamera walisema. Nilishangaa, mpaka nikakumbuka jaribio la Marekani la mwaka 1972, Alexander Guiora na wenzake, waliowapa watu kipimo kidogo cha pombe kisha wakawatamkisha Kithai. Waliokunywa kidogo tu walitamka vizuri zaidi. Maelezo yake ni kwamba kila mtu ana nafsi inayoilinda lugha yake ya kwanza kama mlinzi getini, na kileo kinamsinzisha mlinzi. Sipendekezi mnazi darasani. Lakini roboti dogo la kijani linafanya kazi hiyo hiyo bila kukuachia maumivu ya kichwa: anayekosea ni roboti.

Hapo hapo ndipo lilipo tatizo ambalo sijawahi kuliona likizungumzwa na Wazungu wanaoziandikia sifa dunia hizi, kwa sababu lugha zao haziwadai. Kiswahili kinakutaka umjue mtu kwa macho kabla hujafungua mdomo. Unaona mvi, kofia, mwendo, mtoto mgongoni, ndipo unajua kama ni shikamoo, habari gani au mambo. Maroboti yana kimo kimoja. Mwalimu mstaafu wa Minnesota, mwenye wajukuu, alikuwa akipigwa "mambo vipi" na vijana wa miaka 20 na yeye anajibu "poa" kwa furaha, maana hakujua amenyimwa nini. Mimi nilijua. Nilikuwa nikikunja uso mbele ya kompyuta kana kwamba wananiona.

Mpwa wangu alishauri kila roboti liandikwe umri kifuani. Nilikataa, umri wa mtu hausomwi kama bei ya samaki. Nilijaribu kofia, mwenye miaka zaidi ya 50 avae kiua, na ghafla kila mmoja akataka kiua kwa sababu kinapendeza. Na mwili wa bandia una nguvu ya ajabu juu ya mwenye nao. Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walionesha mwaka 2007 kwamba ukimpa mtu avata ndefu anakuwa mkali zaidi katika kupatana jinsi ya kugawana fedha kuliko aliyepewa fupi. Sasa ukiwapa wazee na vijana mwili mmoja, wanakuwa rika moja, na Kiswahili chao kinakuwa cha kijiweni.

Lilitatuliwa na mtu ambaye hakuwa mwanafunzi. Yule kijana wa Muscat alikuwa anajifunza kwa ajili ya bibi yake. Bibi alizaliwa Unguja, akaenda Oman akiwa msichana, kama familia nyingi baada ya Mapinduzi ya 1964, akalea watoto kwa Kiarabu na Kiswahili akakiweka kwa wenziwe wa rika lake. Siku hizi, uzeeni, Kiarabu chake kinapungua na Kiswahili kinarudi, na mjukuu akajikuta hamwelewi mtu aliyemlea. Jioni moja alikuwa ameketi naye sebuleni, simu iko kwenye spika. Sote tulikuwa uani tukisubiri mchezo uanze. Tukasikia sauti mpya, kavu, iliyozoea kusikilizwa.

"Nani hao wamesimama uani kwa watu kama wezi?"

Kimya. Kisha roboti la Minnesota likasogea. "Shikamoo, Bibi." Na wengine wakafuata mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, hata wale wa mambo vipi.

"Marahaba, wanangu. Kaeni basi."

"Hawawezi kukaa, Bibi," mjukuu akaeleza. "Miguu yao haikunjiki."

"Masikini," akasema. Akanyamaza kidogo, nadhani akitazama skrini. "Na hii mnaiita nyumba? Kisima kiko wapi?"

Nimwache Bibi hapo uani kidogo, maana kuna historia fupi ambayo inafaa kusemwa, na mimi niliijua kwa kuchelewa.

Dunia hizi hazikuanza na picha. Mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu ambayo watu kadhaa wangeweza kuingia kwa pamoja, kila mmoja kwenye kibodi yake, wakatembea mahali palipotengenezwa kwa maandishi matupu. Richard Bartle akaiendeleza. Ukiandika kaskazini, unakwenda kaskazini, na sentensi inakwambia umefika wapi. Mwaka 1990 Pavel Curtis, wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California, akafungua ulimwengu mwingine wa maneno, LambdaMOO, na ramani yake akaianzia kwenye nyumba yake mwenyewe. Mgeni aliingilia kabati la makoti: penye giza, finyu, mpaka ufungue mlango ukatokee sebuleni. Miaka minne baadaye Julie Falsetti wa Hunter College, New York, akafungua schMOOze University, chuo cha maneno matupu kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza, ambako mtu wa Seoul na mtu wa São Paulo waliweza kukutana wakapiga soga. Nikiyasoma haya nilijihisi kama mtu aliyejisifu kagundua kuukaanga muhogo.

Kisha ikaja pupa. Second Life, ulimwengu pepe wa picha, ilifunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003, na kufikia 2007 ilikuwa kila mtu anataka kuwemo. Maldivi ikafungua ubalozi humo, Uswidi ikafuata mwaka huo huo. Instituto Cervantes na Goethe-Institut, taasisi za lugha za Hispania na Ujerumani, wakajenga nyumba zao. Vyuo vikuu vikanunua visiwa, dola 295 kwa mwezi kwa kisiwa kizima, nusu yake kwa taasisi za elimu, na vingi vikajenga nini? Ukumbi wa mihadhara. Mistari ya viti, ubao mbele, mhadhiri amesimama. Katika ulimwengu ambamo mtu anaweza kuruka kama ndege, wakamwalika akae mstari wa nne asikilize. Mwaka 2010 lilipotangazwa kuondolewa punguzo la elimu, wengi walifungasha, na liliporudishwa mwaka 2013 pupa ilikuwa imeshapoa. Sisi huku hatukuiona hata ikipanda: mkongo wa intaneti wa baharini, SEACOM, ulifika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, na kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, picha moja inashuka taratibu kama pazia la mkeka. Sijutii. Tulikosa viti.

Kinachoendelea leo ambacho nakiheshimu si cha taasisi. Kwenye VRChat, jukwaa jingine la dunia pepe, kuna ulimwengu wa Wajapani na wasemaji wa Kiingereza, wanakuja kubadilishana lugha kama watu wanavyobadilishana mbegu, bila mtihani. Na kuna viziwi wanaofundishana lugha za alama humo humo, mikono hewani. Vifaa vingi wanavyoshika mkononi humo havisomi kila kidole, basi wameziunda upya baadhi ya alama ziendane na mikono yenye vidole vizito. Lugha yao inaishi katika nafasi iliyo mbele ya kifua, na wamepata nafasi. Nikiwaza pa-ku-mu nawaona ndugu.

Miwani yenyewe nimevaa mara moja, kwa rafiki, dakika nane. Nilishika ukuta. Wanaoijua wanaeleza kwamba macho yanasema unakwenda na sikio la ndani linasema umesimama, na tumbo linalipia ugomvi wao. Ni kinyume cha mtu aliyejifungia ndani ya jahazi katika mkondo wa Nungwi: macho yanamwambia ametulia, sikio linakataa. Matokeo ni yale yale, na bei ya miwani hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kwa darasa langu, hapana.

Hata bila miwani, nyumba yetu ilikuwa na gharama zake. Simu za baadhi ya wanafunzi zilipata moto kama pasi. Bando langu la mwezi liliisha kwa siku 12. Na jioni moja umeme ulikatika kwangu, na watu 11 wako barazani wanapiga hodi, mwenye nyumba hayupo. Nilikuwa na simu yenye chaji robo na mtandao wa kutosha maandishi tu. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp, bila kufikiri sana:

"Mmesimama barazani. Jua la saa kumi. Mlango umefungwa. Huko ndani mnasikia mtu anatwanga."

Muuguzi akajibu: "Hodi?"

"Kinu kinanyamaza. Hakuna anayejibu."

"Tunaingia dakani," akaandika Mtaliano.

"Humu mna giza. Pana viatu vitatu mlangoni."

"Vya nani??"

Tuliendelea saa nzima na nusu. Nilikuwa na kipande cha karatasi na mshumaa, nimechora ramani, nimeandika nani yuko chumba gani. Nilijenga nyumba nzima kwa data isiyotosha picha moja, na nikagundua nimefika Essex mwaka 1978 kwa miguu. Ila si Essex tu. Ukisikiliza vizuri, sisi tumekuwa tukifungua dunia hizi kwa wajukuu jioni zote tangu enzi. Paukwa! Pakawa. Hapo zamani za kale *palikuwa* na mtu. Kabla ya mtu, kabla ya jina lake na mkosi wake, Kiswahili kinapasafisha mahali kwanza: pa. Anayesimulia anafungua chumba, wanaosikiliza wanaingia. Nimefundisha kwa miaka 14 na sikuwahi kuligusa hilo darasani. Nilikuwa nikiwafundisha "palikuwa" kama wakati uliopita wa "pana".

Tangu siku ile tukawa na nyumba mbili, ya picha kwa wenye mtandao na ya maneno kwa jioni mbaya, na ya maneno ndiyo iliyozaa Kiswahili kirefu zaidi. Kwenye picha mtu akiona embe anasema embe. Kwenye maneno lazima aulize: ni bichi au limeiva, liko juu ya nini, nani kaliacha.

Narudi kwa Bibi. Suala la kisima halikuisha. Jioni iliyofuata mjukuu alileta ujumbe wa sauti, dakika nne, Bibi akieleza nyumba aliyozaliwa. Tukausikiliza darasani mara tatu. Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani, kimetulia, na yalimo humo wanafunzi wangu wasingeyapata kwenye kitabu: "Hapo kisimani palikuwa na mkomamanga, si mkubwa. Humo chumba cha pili mlikuwa na sanduku la mama, la njumu. Upande wa kule kulikuwa kwa wajomba, hatuendi mpaka tuitwe." Muuguzi aliomba kumuuliza swali, akaliandaa siku mbili. "Bibi, shikamoo. Mtungi wa maji ulikuwa wapi?" Jibu lilirudi kabla ya magharibi: mtungi ulikuwa kushoto ukiingia, na kata ilining'inia, na atakayeweka kata chini alipigwa.

Mpwa wangu akaanza kubomoa. Kisima kikachimbwa uani. Mkomamanga ukapandwa, ukang'olewa, ukapandwa tena, kwa sababu Bibi alitaka usogee. Hilo lilituchukua jioni nzima. "Si hapo," anasema. "Hapa! Hapa, mbona hamuoni?" Sote tumezunguka kisima na maroboti yetu, tunasogea kulia, tunasogea kushoto. Ikabidi mjukuu aeleze kwa sauti ya chini kwamba Bibi anaonesha kwa kidole juu ya kioo cha simu. Hapa yake ilikuwa Muscat, kwenye ncha ya kidole. Tulicheka sana, na yeye akacheka, na mwalimu wa Minnesota akapata wazo: akasimama mahali pamoja, akauliza, "Bibi, nipo mbali au nipo karibu na mti?" "Mbali. Njoo. Njoo. Hapo hapo, simama." Mti ukaota juu ya kichwa cha mwalimu mstaafu.

Janga limepita. Wageni wamerudi na darasa langu la viti na meza limejaa, lakini kundi lile bado linakutana Alhamisi, saa 2 usiku, ya kwetu. Sasa ni watu sita. Mjukuu hahitaji tena mkalimani kwa bibi yake. Mara nyingine wawili hao wanabishana kwa Kiswahili kuhusu urefu wa ukuta na sisi tunangoja. Nyumba imekuwa si ile ya mpwa wangu kabisa. Ina mtungi na kata, ina sanduku, ina choo.

Ghorofani hatujajenga. Ngazi ipo, inaanzia pembeni mwa ukumbi, mahali aliposema Bibi. Kila tukiifikia anasema, "Huko, basi," na muuguzi wa Leipzig, ambaye hakuna haja tena ya kumweleza tofauti ya huko na humo, anageuza roboti lake na tunarudi uani. Mpwa wangu ameweka vidato vinane, akaviacha vinaishia hewani.